Mawe ya Orkhon yana nini ambacho vitabu vya Wachina havina?

Mtembeza wa Gede (Malindi)

Assalamu alaykum, ndugu zangu na wazee wangu wa baraza hili.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni katika magofu ya Gede, na mahali ninapopapenda kuliko pote ni kwenye lile kaburi lenye tarehe, ambalo maandishi yake ya Kiarabu yanataja mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Juzi nilimpokea mgeni kutoka Uturuki, mwalimu wa shule, akasimama mbele ya kaburi hilo kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote niliyepata kumwongoza. Kisha akaniambia kwamba watu wa lugha yake nao wana mawe yao yenye maandishi, tena hayako Uturuki, yako mbali katika nyika za Mongolia, na umri wake unakaribia miaka 1300. Aliniandikia jina la mahali penyewe kwenye karatasi: Orkhon.

Tangu siku hiyo nimesoma kidogo, na mambo matatu yananitatiza. La kwanza, mawe ya Waturuki yalifikaje Mongolia? La pili, nimesoma kwamba herufi zake zilikuwa zimesahauliwa kabisa, hakuna mtu duniani aliyezijua. Basi zilisomwa kwa njia gani? La tatu ndilo linalonisumbua zaidi. Wachina walikuwa wakiandika habari za majirani zao mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo majina ya wafalme hao na vita vyao yangejulikana hata kama mawe yasingepatikana. Kwa nini basi wanahistoria wanayathamini kiasi hicho? Nauliza kwa moyo wote, kwa kuwa swali hilo hilo huulizwa na wageni wangu kuhusu kaburi la Gede, na jibu langu halijawahi kuniridhisha mwenyewe.

Maalim wa Langoni (Lamu)

Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu.

Nianze na la kwanza kwa ufupi, kwa kuwa ndilo jepesi. Lugha za Kituruki hazikuzaliwa katika nchi tunayoiita Uturuki. Zilifika huko baadaye sana, hasa kuanzia karne ya 11, na kabla ya hapo wasemaji wake walikuwa wafugaji wa farasi na kondoo katika nyika za ndani ya Asia. Mwaka 552 mtu mmoja aliyeitwa Bumin aliwaasi mabwana zake, akajitwalia cheo cha khagani, ambacho ndicho cheo cha mfalme mkuu wa nyikani. Dola aliyoiasisi yeye na nduguye Istemi ilienea kutoka mipaka ya China hadi karibu na Bahari Nyeusi. Baadaye ilipasuka, na mwaka 630 upande wake wa mashariki ukaanguka mikononi mwa ufalme wa Tang wa China, ukakaa chini yake kwa miaka 50 na zaidi. Mwaka 682 Ilterish aliwakusanya watu wake wakajitawala tena, na dola hiyo ya pili ikadumu hadi 744, Wauighuri walipoitwaa nyika.

Mawe makubwa matatu yote ni ya dola hii ya pili. La Tonyukuk, mshauri mkuu wa makhagani, ni nguzo mbili zilizosimama karibu na Nalaikh, mashariki ya Ulaanbaatar. La Kül Tegin, mwanamfalme na jemadari aliyekufa mwaka 731 akiwa na umri wa miaka 47, lilisimamishwa mwaka 732. La kaka yake, Bilge Khagani, lilisimamishwa mwaka 735, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Haya mawili ya mwisho ni ya bonde la mto Orkhon, mahali paitwapo Khöshöö Tsaidam, na siku hizi yamewekwa ndani ya jumba la makumbusho ili baridi na upepo visiendelee kuyala.

Sasa nije kwenye swali lako la tatu, ambalo wewe mtu wa Malindi unaweza kulijibu kuliko mimi. Mwaka 1415 mji wenu ulipeleka twiga kwa mfalme wa China, nasi tunalijua jambo hilo kwa sababu Wachina waliliandika. Mwaka 1498 mfalme wa Malindi alimpokea Vasco da Gama, nasi tunalijua kwa sababu Wareno waliliandika. Lakini mfalme yule aliwaambia nini wazee wake usiku ule, baada ya mgeni kurudi chomboni? Aliona heri gani katika urafiki huo, na aliogopa nini? Hakuna kalamu ya Malindi iliyotufikishia hayo. Tunayo matendo yake kama yalivyoonekana kutoka sitahani mwa jahazi la mtu mwingine.

Waturuki wa kale wangebaki katika hali hiyo hiyo kama si mawe. Katika jiwe la Kül Tegin anayezungumza ni Bilge mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, akimlilia mdogo wake. Anaanza mbali, na kuumbwa kwa mbingu ya buluu juu na ardhi ya kahawia chini, na wanadamu kati ya viwili hivyo, kisha anafika kwa Bumin na Istemi waliokalia kiti juu ya wanadamu hao. Anawataja hata waliokuja kuwalilia mababu hao, wakiwemo Watibeti, Wachina, Wakirgizi na Warumi, ambao jiwe linawaita Purum. Halafu anageukia aibu. Anasimulia jinsi watu wake walivyovutwa na maneno matamu na hariri laini ya Wachina, wakasogea karibu nao na kufa kwa wingi. Jinsi wana wa mabwana walivyogeuka watumwa na binti zao wajakazi. Jinsi wakuu wao walivyoyavua majina ya vyeo vya Kituruki wakavaa ya Kichina. Anasema kwamba kwa ajili ya watu hao hakulala usiku wala hakutulia mchana. Vitabu vya Tang vinaweza kukupa mwaka wa kila vita, lakini uchungu wa mtu anayewatazama wakuu wa kwao wakiyaona majina ya kwao kuwa hayatoshi, huo hutaupata humo.

Na kuna jambo dogo ambalo mimi nalipenda sana. Jiwe linataja farasi aliowapanda Kül Tegin vitani, huyu mweupe, yule wa kijivu, na kusema ni yupi aliyeanguka katika vita gani. Nikisoma sehemu hiyo huwakumbuka manahodha wa zamani wa hapa Lamu, ambao hawakuweza kusimulia safari bila kulitaja jahazi kwa jina lake.

Binti Mkomani (Lamu)

Maalim ameeleza vizuri. Mimi nimesomea isimu, na nyumbani tuna barua za babu zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo niruhusiwe kulishika swali la pili, maana ndilo lililonifanya niyapende mawe haya.

Habari za kwanza kufika Ulaya zilipelekwa na mfungwa. Strahlenberg, ofisa wa jeshi la Sweden aliyetekwa na Warusi katika vita vya Poltava mwaka 1709, alipelekwa Siberia, na aliporudi kwao alichapisha mwaka 1730 kitabu chenye picha za alama kutoka mto Yenisei. Kwa kuwa zilikuwa mistari mikavu iliyokatwa kwenye jiwe, watu walizifananisha na herufi za kale za Skandinavia ziitwazo runi, na jina hilo limezing'ang'ania hadi leo ingawa hakuna udugu wowote kati yake. Kwa zaidi ya miaka 150 alama zilitazamwa tu. Mwaka 1889 Mrusi Yadrintsev alifika Orkhon akayaona yale mawe makubwa. Mwaka uliofuata Wafini wakiongozwa na Heikel walikwenda kuyanakili, na mwaka 1891 akaenda Radloff na msafara wa Warusi.

Aliyeyafungua alikuwa Vilhelm Thomsen wa Denmark, mtu aliyekaa Copenhagen na picha zilizochapishwa. Alihesabu alama akapata takriban 38, akaona kwamba ni nyingi mno kwa alfabeti ya kawaida na chache mno kwa mwandiko ambao kila alama ni silabi nzima. Akagundua kwamba mwandiko unakwenda kulia kushoto, kama wa Kiarabu. Halafu akautazama upande mmoja wa jiwe la Kül Tegin, ambao umeandikwa Kichina. Upande huo uliweza kusomwa, nao ulitaja mwaka na jina la marehemu jinsi Wachina walivyolitamka, kwa hiyo Thomsen alijua kwamba mahali fulani katika zile pande nyingine lazima jina lile lile litokee, tena mara nyingi. Maneno ya kwanza kumjibu yalikuwa *tengri*, yaani mbingu au Mungu, jina *Kül Tegin*, na neno *türk*. Tarehe 15 Desemba 1893 aliutangaza ugunduzi wake mbele ya chuo cha kifalme cha sayansi cha Denmark. Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio, kwa sababu lugha yenyewe haikuwa imekufa bila kizazi: jiwe katika maandishi hayo ni *taş*, na mgeni wa Gede akirudi kwao ataliita jiwe *taş*.

Lakini kwa nini alama 38? Lugha hiyo ina irabu nane, za mbele ya kinywa na za nyuma, na katika neno moja irabu hufuata kundi moja. Usiseme jambo hili ni geni kwetu. Tunasema *pimia* na *andikia*, lakini *somea* na *chekea*. Kiambishi ni kile kile, ila irabu yake inainama kuifuata iliyotangulia. Sasa fikiri kwamba tungekuwa na herufi moja ya *m* kwa maneno ya kundi la *pima* na nyingine kwa maneno ya kundi la *soma*. Ukiiona herufi yenyewe ungejua irabu inayokuja, na mwandishi asingelazimika kuiandika. Ndivyo walivyofanya. Konsonanti nyingi zina sura mbili, moja ya irabu za mbele na moja ya irabu za nyuma, na irabu zenyewe zina alama nne tu, ambazo mara nyingi huachwa. Sijui kama kuna mwandiko uliokaa kwenye kinywa cha wasemaji wake kama huu.

Linganisha na barua za babu. Herufi za Kiarabu zilitufikia zikiwa zimeshonwa kwa kipimo cha lugha nyingine. *E* na *i* zikagawana kasra, *o* na *u* zikagawana dhuma, *p* ikajificha ndani ya *b*. Barua moja ya ukurasa mmoja ilinichukua jioni tatu, na nyingine nilizisoma tu kwa kuwa mama alizijua tayari. Tena wataalamu wengi wanaona kwamba mwandiko wa Orkhon ulitoka katika ukoo wa Kiarami, lugha ya kale ya Mashariki ya Kati, huenda kupitia kwa Wasogdi, watu wa Samarkand, na herufi za Kiarabu nazo zina asili yake katika Kiarami. Ikiwa ni hivyo, maandishi ya kaburi la Gede na ya jiwe la Kül Tegin ni binamu waliopotezana njiani.

Karani Mstaafu (Malindi)

Nimesoma kwa furaha, na Binti Mkomani amenifundisha jambo ambalo sikulijua. Hata hivyo sikubaliani na Maalim katika sehemu moja, na nitasema kwa heshima.

Maalim anaandika kana kwamba jiwe ni sauti ya watu. Ni sauti ya aliyekalia kiti. Bilge anasema kwamba mbingu ndiyo iliyomweka kuwa khagani. Vitabu vya Wachina vinasema kwamba mwaka 716 alipokufa ami yake, Kapagan, Kül Tegin alimuua mwana wa marehemu pamoja na wengi wa watu wake, kisha akamkalisha kaka yake kitini. Tonyukuk alisalimika, kwa maelezo ya vitabu hivyo hivyo, kwa kuwa binti yake alikuwa mke wa Bilge. Hayo yote huyakuti katika jiwe ambalo kaka alimjengea mdogo wake. Ukisoma jiwe peke yake utamwona ndugu aliyefiwa, na kweli alifiwa. Ukisoma kitabu cha Wachina pembeni yake utaona pia deni alilokuwa nalo kwa marehemu. Na sikiliza jinsi lawama zinavyogawanywa: maangamizi ya zamani yaliletwa na makhagani wajinga, na udanganyifu wa Wachina, na watu wasiotii. Mfalme anayewakumbusha watu kwamba walipoacha kutii waliangamia, anayo haja yake ya leo.

Tonyukuk naye ana jiwe lake, na humo anajisifu waziwazi kwamba bila Ilterish na bila yeye kusingekuwa na dola wala watu. Sifa hiyo hatuikuti katika jiwe la Kül Tegin. Watu waliokaa hema moja ya utawala, kila mmoja na hesabu yake!

Upande wa Kichina alioutaja Binti usichukuliwe kuwa ufunguo wa herufi tu. Maneno yake yalitungwa na mfalme Xuanzong mwenyewe, na ni maneno ya rambirambi na upole. Anasema khagani ni kama mwanawe, na kwa kuwa baba na mwana wamefungamana, basi ndugu wa mwana hawezi kuwa mtu wa mbali. Pande zilizobaki zinawaonya Waturuki wajihadhari na maneno matamu kutoka huko huko. Na mafundi waliochonga waliletwa kutoka China, jiwe lenyewe linakiri. Kwangu mimi hapa ndipo thamani yake ilipo: pande mbili za jambo moja, zimechongwa katika jiwe moja, katika mwaka mmoja, na hakuna upande uliopata nafasi ya kujirekebisha baadaye.

Jambo jingine, tusiseme kwamba haya ndiyo maandishi ya kwanza ya dola ya Waturuki. Jiwe la Bugut, la miaka ya 580, lipo Mongolia na ni la makhagani wa kwanza, lakini lugha yake kubwa ni Kisogdi, lugha ya wafanyabiashara wa Samarkand na miji jirani ambao walikuwa makarani na wajumbe wa makhagani hao. Ilipita karne moja na zaidi kabla ya khagani kusema na watu wake kwa lugha yao juu ya jiwe. Hatua hiyo ndiyo ningemweleza mgeni wa Gede kama angeniuliza.

Na kama ni sauti ya watu tunayoitafuta, twende Yenisei, kwenye yale mawe ya mwanzo ya Strahlenberg. Mengi ni ya karne ya 8 hadi ya 10, mafupi, mabaya kwa sura, ya wakuu wadogo ambao hawatajwi na kitabu chochote cha Wachina. Marehemu ndiye anayesema. Anataja jina lake, kisha anasema ametengwa na mkewe, na wanawe, na rafiki zake, na mifugo yake, na kwamba hakushiba kuwa nao. Baadhi wanasema wamelipoteza jua na mwezi wa mbingu ya buluu. Nimezika watu wengi katika umri wangu, na neno hilo la kutoshiba kuwa nao limenikaa.

Mtembeza wa Gede (Malindi)

Mzee wangu Karani, maneno ya Yenisei nimeyasoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mke wangu.

Sasa naelewa kilichokuwa kikinisumbua. Nimekuwa nikiwaambia wageni kwamba kaburi letu linasema, na kwa kweli linatoa ushahidi wa mwaka tu, jambo ambalo ni kubwa, kwani magofu mengine tunayakisia umri kwa vigae vya vyombo vya China. Lakini halimlilii mtu wala haliwaonyi walio hai. Nimebakiwa na swali moja la mwisho: aliyeyaandika mawe ya Orkhon anajulikana? Yaani si khagani aliyesema, bali mkono ulioandika.

Maalim wa Langoni (Lamu)

Kwanza nimjibu Bwana Karani: umenisahihisha, na umenisahihisha kwa haki. Niliposoma kilio cha Bilge nilisahau kuuliza alikuwa akimlilia nani na mbele ya nani. Bado nashikilia kwamba hata neno la mwenye kiti, likisemwa kwa lugha ya wanaotawaliwa na kuwekwa mahali watakapolipita, linatufundisha alivyodhani wataguswa na nini. Mtu hawaonyi watu kwa aibu ambayo hawaioni.

Ama swali lako, ndugu wa Gede, jibu lipo, na lipo kwenye jiwe lenyewe. Mwandishi aliitwa Yollug Tegin, mtu wa ukoo huo huo wa kifalme, na aliacha jina lake katika mawe yote mawili. Kwenye jiwe la Kül Tegin anasema alikaa siku 20 akiyaandika. Kwenye jiwe la Bilge, miaka mitatu baadaye, anasema alikaa mwezi mmoja na siku nne.